Mbayuwayu wa Mkia wa Filamu

Shusha hiyo simu kwanza. Mbayuwayu hapigwi picha na mtu aliyekwisha kuinua mkono. Mkono ukitangulia, jicho huchelewa. Mtazame. Mtazame mpaka uchoke, upumzike, umtazame tena, na ukianza kusahau kwamba ulikuja kupiga picha, hapo inua chombo chako taratibu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na siku niliyofundishwa sikuelewa hata neno moja, kwa hiyo msione haya.

Kila mkija hapa Mpendae, mkishatoa shikamoo zenu na kuzimaliza kaimati zangu, mnaniuliza swali lile lile: Bi Mwanajuma, kweli ulikuwa mpiga picha? Kweli. Najua mnachekea nini. Siku hizi kila mwenye kidole ni mpiga picha. Zamani ilikuwa kazi, ina fundi na mwanafunzi, ina adabu zake na hata harufu yake. Dawa za kusafishia picha zilikuwa zikinuka siki, na nikirudi nyumbani jioni mama akinizuia mlangoni: "Kaoge kwanza, unanuka achari."

Leo nitawapa habari ya ndege, kwa kuwa mnataka kwenda kuwapiga picha kule gengeni Mangapwani, juu ya jabali la pwani, na mimi miguu hainipeleki tena. Nendeni, lakini nisikilizeni kwanza.

Mbayuwayu wapo wa namna mbili, na watu huwachanganya. Wapo wanaokaa kwenye waya wa umeme wamejipanga, wakipiga soga. Hao wazuri, lakini si wangu. Wangu ni wale ambao wenye vitabu huwaita teleka, wana mbawa ndefu zilizopinda kama mundu, na hawatui. Hutamkuta mmoja wao tawini wala chini akidonoa. Hula hewani, hunywa kwa kupitisha mdomo juu ya maji, na wapo wanaosema hata usingizi huupata humo humo angani. Wana vijiguu vidogo tu vya kujishikiza ukutani wanapojenga. Hapa mjini hujenga chini ya mapaa ya nyumba za mawe, na nilipokuwa mtoto, nikilala chali juu ya dari ya nyumba yetu Malindi, nilidhani ni ndege mmoja tu anayepita mara nyingi. Nilikuwa nikimhurumia kwa kuchoka kwake.

Kule gengeni ni mambo mengine. Ukivuka Bububu ukafuata pwani, kuna mahali ardhi inakatika ghafla. Uko juu ya jabali, majani na vichaka nyuma yako, na mbele hakuna kitu, hewa tu, na chini kabisa mchanga mweupe na maji. Upepo wa baharini ukigonga jabali hauna pa kwenda ila juu. Basi mbayuwayu huja kuupanda upepo huo. Hawapigi mbawa. Hutandaza tu, wakapita mbele ya uso wako usawa wa macho, wakazama, wakaibuka, wakarudi tena njia ile ile. Ukikaa kimya utasikia mbawa zikikata hewa, sauti ndogo ya kitambaa kipya kinachochanwa. Nimekaa pale asubuhi nzima nisijue kama ni mimi niliyekaa au ni jabali linalosafiri nami. Bi Kidawa alikuwa akinishika ncha ya buibui, anasema anaogopa nitaruka na mmoja wao.

Bi Kidawa alikuwa mke wa fundi wangu, Mzee Haidari. Mzee Haidari alikuwa na studio katika kichochoro cha Malindi, karibu na bandari, chumba kimoja cha kupigia picha, chenye pazia lililochorwa ngazi na maua, na nyuma yake chumba cha giza cha kusafishia filamu, kisha ua wa nyumba yao. Mwaka wa sitini na nne, baada ya Mapinduzi, studio ilijaa watu wanaotaka picha za vitambulisho na pasi za kusafiria. Kutwa nzima nyuso hazicheki. Mimi niliingia mwaka huo huo, msichana niliyetoka shule, na niliingia kwa sababu moja: nilikuwa mwanamke.

Sikilizeni, maana hili hamlijui. Bi Kidawa alikuwa somo, yaani yule mwanamke anayemfunda bibi harusi na kukaa naye siku zake zote za ndani. Alikuwa akiingia nyumba kubwa na ndogo, na kila nyumba ikimwambia maneno yale yale: tunataka picha ya bwana harusi na ya bibi harusi pia, lakini mumeo haingii ndani. Mzee Haidari hawezi kuingia ukumbi wa wanawake waliofungua vichwa vyao na kujifukiza udi. Basi akanifundisha mimi. Akanipa kamera ndogo ya mkononi, na akanipa sheria za studio. Ya kwanza: filamu ya wanawake haichanganywi. Nyumba moja, filamu moja. Ya pili: filamu hiyo anaisafisha mwanamke. Nikiingia chumba cha giza na filamu ya wanawake, Mzee Haidari alikuwa akitoka mpaka barazani kabisa, ameupa mlango mgongo. Na nikishamaliza, picha pamoja na filamu yenyewe, vyote vinarudi nyumbani kwao. Studio haibaki na uso wa mke wa mtu.

Sasa, filamu ilikuwa adimu. Inaweza kupita miezi meli haijaleta hata moja. Na arusi ya watu wa kawaida haikuwa ikimaliza filamu nzima. Mwishoni hubaki nafasi kadhaa tupu. Kwa filamu za wanaume nafasi hizo hupewa mteja mwingine. Kwa filamu za wanawake haiwezekani, kwa sheria ile ya kwanza. Tulikuwa tukiita nafasi hizo mkia wa filamu. Siku moja nilimwuliza Mzee Haidari nifanye nini na mkia.

"Wako huo," akanambia. "Piga unachotaka kujifunzia. Ila usimpige mwanamme, filamu inarudi kwa wanawake wenyewe."

"Na ndege dume je, Mzee?"

Akanitazama juu ya miwani yake. "Ndege dume ruhusa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Ikawa kila nikimaliza arusi, asubuhi inayofuata mimi na Bi Kidawa tunapanda gari la mbao, tunakwenda gengeni na mkia wetu. Yeye alikuwa akinisindikiza kwa sababu msichana haendi porini peke yake, lakini naona alikuwa akipenda. Alikuwa akichukua chupa ya chai na mkate wa kumimina, akikaa kivulini na kuimba nyimbo zake za arusi kwa sauti ya chini, na mimi nikilenga.

Nikilenga na kukosa. Wanangu, nimeipiga picha mbingu ya Unguja pande zote. Mbingu tupu, mbingu yenye wingu, mbingu yenye kidoa ambacho huenda ni mkia wa ndege na huenda ni vumbi. Na kwa kuwa filamu ni ya wenyewe, picha hizo zilikuwa zikirudi kwenye nyumba za arusi pamoja na za bibi harusi. Mama mmoja wa Kikwajuni alikuja studio kuuliza, kwa adabu sana, hizi mbingu za nini.  Bi Kidawa akamjibu bila kupepesa: "Hizo baraka, shoga. Somo mwenyewe katia dua." Baada ya hapo wapo waliozidai. Arusi ikiwa haina mbingu, wanauliza mbona wao wamenyimwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumkimbiza ndege. Nikimwona, ninainua kamera, na yeye keshapita. Mzee Haidari akanifundisha kuchagua njia badala ya ndege. Hupita wapi? Karibu na kile kichaka? Basi lenga kichaka kwanza, uweke kamera yako sawasawa kwa umbali huo, kisha mngojee aje mwenyewe. Kosa la pili lilikuwa mwanga. Mbayuwayu ni mweusi, na dhidi ya mbingu anatoka masizi matupu, hana jicho wala unyoya. Hili nililigundua mwenyewe, nami najisifu nalo: nenda asubuhi, jua likiwa nyuma yako, na nenda siku ya bamvua maji yakiwa yametoka mbali. Mchanga mweupe ukiwa wazi unarudisha mwanga juu, na tumbo la ndege linawaka kutoka chini. Bila ya kutazama maji, mnapoteza asubuhi yenu.

Kosa la tatu ndilo lililoleta mtihani. Picha zilikuwa zikitoka zimetikisika. Mzee Haidari akazitazama, akaniita uani.

"Ukimfuata ndege usigeuze mikono," akasema. "Geuza… geuza mwili. Yaani pale… katikati." Akajishika mkanda wa suruali, akakohoa, uso ukamwiva, akaingia chumba cha giza akafunga mlango. Hamkuwa na filamu ndani, wala hakuwa na chochote cha kufanya humo. Alikaa humo mpaka azana ya alasiri.

Bi Kidawa alikuwa jikoni anasikia yote. Akatoka anafuta machozi ya kicheko.

"Anataka kukwambia kiuno, maskini, mdomo mzito. Njoo hapa." Akanifunga kanga nyongani, akaifunga hasa, kama anavyowafunga wari wake. Akachukua ufagio, akaanza kuupitisha hewani uani. "Huyu ndo ndege wako. Mfuate. Miguu isiondoke! Bega lisitangulie! Kiuno ndo kinachochukua mzigo, mikono imekaa tu. Haya, bonyeza. Ala! Mbona umesimama? Ukishabonyeza usisimame, endelea naye mpaka aishe. Ngoma haikatwi katikati, mwanangu."

Mwenye kuelewa na aelewe. Mambo yote anayofundwa bibi harusi ya kucheza, nimeyatumia kwa mbayuwayu. Mpaka leo nikiona vijana wamesimama wima kama vijiti wanageuza mikono tu, namkumbuka Bi Kidawa na ufagio wake. Alikwisha kufariki, Mungu amrehemu, na hakuwahi kubonyeza kamera hata mara moja.

Nikaanza kupata. Kwanza bawa, halafu ndege mzima lakini ana ukungu, halafu ndege mwenye jicho lakini amekatwa mkia. Nilikuwa nakaribia. Nilikuwa nikilala naota napita mbele ya jabali, upepo uko chini ya kifua changu, na nikiamka mikono imenikufa ganzi kwa kutandazwa. Nilichotaka katika dunia ni picha moja tu ya mbayuwayu, safi, hai, aliyenitazama.

Ilikuwa katika miaka ya mwanzo ya sabini, ndipo ilipokuja arusi ya Salma.

Salma alikuwa msichana wa Malindi, nyumba ya tatu kutoka studio. Hakuwa na mama. Aliyemlea ni bibi yake, Bi Riziki. Mume alikuwa Dar es Salaam, na arusi ikiisha tu Salma apande meli. Niliingia na kamera yangu, nikampiga bibi harusi na hina yake, nikawapiga shangazi na mashoga. Bi Riziki alikaa pembeni juu ya kitanda, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi, na kila nikimwelekezea kamera anageuza uso ukutani. Hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote.

"Mie nshazeeka, picha n'naitakia nini?" akasema. "Mtanikumbuka, hamtanikumbuka, shauri yenu."

Arusi ikaisha, watu wanatawanyika, nami nafunga mfuko wangu. Salma akapiga magoti mbele ya bibi yake, na hina yake yote ile, akasema kwa sauti ya kitoto, "Bibi, nnakwenda mbali. Uso wako n'tauona wapi?"

 Bi Riziki akauvuta mtandio, akauweka mapajani. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, zimesukwa mistari myembamba.

"Haya," akanambia. "Lakini nipige hivi. Huyu ananijua kichwa wazi, ndo yeye anayenitia mafuta na kunisuka kila asubuhi. Mtandio wa wageni. Na sharti moja, mwanangu. Asinione mwanamme, hata kwenye karatasi."

"Hatakuona, bibi."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Nikawapiga, Salma amemwekea kichwa begani. Ikawa picha ya mwisho ya arusi ile. Baada yake ulianza mkia.

Asubuhi yake maji yalikuwa ya bamvua. Sijawahi kuona asubuhi namna ile kabla wala baada yake. Pwani nzima imekuwa nyeupe, jua la mgongoni bado changa, upepo unapanda jabali polepole, na mbayuwayu wengi wamejaa hewani kimya kimya, wanateleza. Bi Kidawa aliacha hata kuimba. Nikafunga buibui kiunoni, nikaweka miguu yangu, nikalenga kile kichaka. Nikawaacha wapite. Nikawaacha tena. Nilisahau kabisa kwamba nilikuja kupiga picha.

Kisha mmoja akaja peke yake kwa upande wa kusini, chini chini, akifuata ukingo. Nikageuka naye. Hakuna nilichofanya, kiuno kilijua chenyewe. Alipofika mbele yangu aliinama upande, tumbo lake likawaka kwa mwanga wa mchanga, nikaona koo jeupe, nikaona jicho, na nikaona kuwa jicho lile linanitazama. Nikabonyeza. Nikaendelea naye mpaka akaisha.

Niliketi chini. Nilijua. Mpiga picha hujua hata kabla ya dawa. Machozi yalikuwa yakinitoka na Bi Kidawa anauliza, "Umepata? Umepata?" na mimi naitikia kwa kichwa tu. Nikapiga mbili tatu za furaha, filamu ikaisha.

"Shikamoo, bibi."

Nyuma yetu alikuwa amesimama kijana mwenye bunduki begani. Miaka ile pwani ilikuwa ikilindwa. Watu walikuwa wakitoroka kwa ngarawa, na mtu mwenye kamera anayeelekea baharini lazima aulizwe.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Kidawa. "Na bunduki yote hiyo unatuamkia! Umelelewa, mashaallah."

Kijana akaona haya kidogo. "Mnapiga picha ya nini huku?"

"Mbayuwayu," nikasema.

Akatazama angani. Sote tukatazama. Wallahi hakuwepo hata mmoja. Ndiyo tabia yao, wanatoweka wote kwa mkupuo mmoja, na wakati huo mbele yetu palikuwa na bahari tupu na chelezo kimoja kikielea mbali.

"Mbona hawapo?" akauliza.

"Wataka waje wakuamkie na wao?" Bi Kidawa akamjibu, lakini sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

Kijana hakuwa na ubaya. Alitueleza kwa upole kuwa ameamrishwa: akimkuta mtu na kamera pwani, achukue filamu. Wakubwa wataisafisha, wakikuta ni ndege, tutarudishiwa. Nikamwuliza nani ataisafisha. Akasema wenyewe, ofisini. Wanaume? Wanaume, dada, nani tena?

 Nikamweleza. Ndani ya filamu hii mna bibi harusi, mna wanawake wa watu vichwa wazi, mna bibi kizee aliyeniapisha. Kijana akavua kofia yake, akaivaa tena. Nikaona naye kapata tabu. Akafikiri, akasema:

"Basi siichukui. Lakini nkirudi hivi hivi mie n'taadhibiwa. Ifungue hapa hapa mbele yangu, uivute yote juani iungue. N'tasema nshaiona kwa macho yangu imeharibika."

Sasa hebu kaeni mahali pangu. Kumpa, wanaume wazione nywele za Bi Riziki, na mimi nimesema wallahi. Kuiunguza, Salma anapanda meli bila ya uso wa bibi yake. Na mbayuwayu wangu, yule yule niliyemngojea miaka, anakwenda kwa njia zote mbili, maana filamu iliyoingia ofisini sikuwahi kusikia imerudi. Nilimwazia yeye kwanza, siwafichi. Nilimwona vile alivyoinama. Halafu nikamwona Bi Riziki anauvuta mtandio.

"Fungua, mwanangu," Bi Kidawa akaniambia polepole. "Uliapa."

Nikaishika kamera, nikavuta kitasa, mgongo wake ukafunguka tak! Jua likaingia. Nilihisi kana kwamba nimefunguliwa mimi. Nikatia kidole nianze kuivuta filamu, nikainua macho kumtazama kijana kama anaona.

Alikuwa ametupa mgongo. Amegeukia vichakani, kichwa ameinamisha, mkono kauweka juu ya macho.

"Nshafungua," nikasema.

"Endelea tu, dada. Mie sitazami. Si umesema mna wanawake humo?"

Bi Kidawa akanifinya mkono. Nikaufunga mgongo wa kamera pale pale, kimya kimya, kwa kidole gumba, hata tak isisikike. Mpaka leo sijui kama kijana yule alidhani kamera ikifunguliwa wanawake wataonekana wamekaa humo ndani, au alijua vizuri sana anachofanya. Nimelala na swali hilo miaka mingi na nimelipenda kila upande. Baada ya muda akauliza, "Tayari?" Bi Kidawa akajibu, "Tayari, Mungu akupe mke mwema," na akampa mkate wetu wote uliobaki.

Njiani kurudi nilikuwa nikihesabu kichwani kwa namna ya fundi. Filamu ndani ya kamera hujiviringisha kama mkeka unavyokunjwa: picha ya kwanza iko ndani kabisa, ya mwisho iko nje. Jua likiingia hula nje kwanza. Nje walikuwapo ndege. Baada ya ndege, jirani yao kabisa, Bi Riziki. 

Mzee Haidari alituona nyuso zetu. Alichukua kiti chake akatoka barazani. Nikajifungia gizani. Dawa ya kwanza, dawa ya pili, maji. Nikawasha taa, nikaishika filamu kwa ncha. Mkia wote ulikuwa mweusi kama lami. Nikapitisha kidole pale alipokuwa ndege wangu, na palikuwa baridi na maji tu. Nikalia hapo, na hili nalisema wazi: nililia kwa sauti, na Mzee Haidari alinisikia barazani asiingie. Kisha nikainua kidogo zaidi. Weusi ukawa moshi, moshi ukapungua, na mwisho wa moshi nikaona mistari myembamba ya nywele, na kichwa cha msichana begani.

Ilikuwa na kasoro. Upande mmoja jua lilikuwa limepenya, na kwenye karatasi, ambako cheusi cha filamu hugeuka cheupe, ukatoka weupe uliotandaa kutoka ukingoni mpaka juu ya bega la Bi Riziki. Sikuwa na namna ya kuuondoa. Nikaipeleka hivyo hivyo, naomba radhi mlangoni. Bi Riziki akaisogeza karibu na macho, akaitazama mara ya kwanza sura yake mwenyewe kwenye karatasi.

"Huu weupe wa nini begani? Mie sikutia poda."

"Jua, bibi. Limeingia kwa bahati mbaya."

"Lirudi lilikotoka," akasema, lakini picha hakuiachia mpaka usiku, ndivyo Salma alivyonambia. Siku ya safari niliwasindikiza bandarini. Salma alipanda meli amevaa buibui jipya, na picha iko kifuani ndani ya kanga. Bi Riziki alifariki kabla Salma hajarudi kumwona.

Mimi niliendelea na kazi mpaka studio ilipofungwa, na nilirudi gengeni mara nyingi. Nilipata mbayuwayu wazuri, wengine wamo kwenye kuta za watu. Lakini yule hakurudi. Mwingine mwenye kunitazama sikumpata, na msiniambie habari ya kubahatisha, nyinyi hamkumwona.

Wiki iliyopita alikuja mmoja wenu, mnamjua, yule msichana anayecheka sana. Ni mjukuu wa Salma. Salma amezeeka sasa, anakaa naye, na amemtuma kwangu na salamu. Wavulana mliomo humu msimwombe kuiona picha ninayowaambia. Nilimwuliza kwanza simu yake anaishika nani, akasema yeye tu na bibi yake, kaapishwa. Basi akanifungulia. Walikuwapo, Bi Riziki na nywele zake, Salma na hina yake, wamekuwa wakubwa kwenye kioo, na picha imetakata.

"Nimekusafishia, Bi Mwanajuma," akanambia kwa furaha. "Lile doa jeupe nshalitoa. Tazama bega, limekuwa zima."

Kweli, bega lilikuwa zima. Ukuta nyuma yake ulikuwa mzima. Kazi nzuri, mkono mwepesi. Nilitazama pale palipokuwa peupe, na nikahisi upepo wa jabali unanipanda kifuani.

"Mrudishe," nikamwambia.

"Nani, bibi?"

"Mbayuwayu wangu. Jua lililomla ndilo weupe huo, na hapo ulipofuta ndipo alipo. Hana pengine pa kukaa."

Hakuelewa, akacheka, kisha akanitazama vizuri akaacha kucheka. Nikamwekea chai, nikamsimulia kama nilivyowasimulia nyinyi. Nilipofika pale kijana alipogeuka, alikuwa ameshainamia simu yake. Akabonyeza mara moja, na weupe ukarudi begani kwa Bi Riziki.